Udhaifu Ulio Faida: Kwa Nini Bastola za Zamani za Shabaha Zinapendwa

"Sasa hii inaua nini?"

Swali hilo niliulizwa barazani, mtaa wa Cheyo hapa Tabora, na mzee aliyekereza vyuma katika karakana ya reli kwa zaidi ya miaka 30. Nilikuwa nimempa simu aitazame picha ya bastola niliyowahi kuishika ugenini: ndefu, nyembamba, mtutu kama kalamu, mpini wa mti uliochongwa kufuata kiganja. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kuisogeza taratibu kutoka mdomo wa mtutu hadi kwenye mpini, kama anayekagua shafti iliyotoka kwenye mashine sasa hivi.

"Haiui kitu, baba. Inatoboa karatasi."

"Karatasi?"

"Karatasi yenye duara, mita 25."

"Na ina miaka mingapi?"

"Zaidi ya 50."

Akanirudishia simu. "Na wapo watu wanaoigombea?"

Wapo, tena wengi: Marekani, Ujerumani, Uswisi, Ufini, Afrika Kusini. Wanazitafuta minadani, wanazifungua na kuzipaka oili Jumapili mchana, wanakwenda nazo uwanja wa shabaha na kurudi na karatasi zilizotoboka. Mzee aliuliza swali la haki kabisa, maana mji huu umeijua bunduki kwa kazi zake nzito. Misafara ya pembe iliingia Unyanyembe mitutu ikiwa mabegani. Mirambo aliijenga dola yake ya Urambo kwa rugaruga, wapiganaji wake, wenye bunduki. Mwaka 1893, Wajerumani walipoivamia ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, mtemi huyo aliwasha ghala lake la baruti badala ya kujisalimisha. Na hata leo, kwenye miombo ya Sikonge au Kaliua, gobore likitajwa hutajwa pamoja na nyama pori, au tembo walioingia shambani, au kesi mahakamani. Mtu aliyekulia katika habari hizo akisikia ipo bastola iliyotengenezwa kwa uangalifu kushinda nyingi za vita, na kumbe kazi yake ni karatasi, lazima aulize.

Nilimjibu kwa kuanzia kwenye gobore, kwa kuwa ndilo tunalolijua sote.

Gobore linashibishwa kwa mdomo. Unamimina baruti, unatia kitambaa au nyuzi za katani, unashindilia kwa mdeki, unatia gololi, unashindilia tena. Kisha unaligeuza na kuvisha fataki, kile kikombe kidogo chenye dawa ya kulipuka, kwenye chuchu iliyo nyuma ya mtutu. Nyundo ikiipiga fataki, cheche hupenya tundu dogo na kuiwasha baruti. Vitu vitatu, yaani moto, baruti na gololi, kila kimoja kinakaa mahali pake mpaka mkono wa mtu uvikutanishe. Kimoja kikilowa, mwindaji amebaki na fimbo.

Mwaka 1845 fundi mmoja wa Paris, Louis-Nicolas Flobert, alifanya jambo ambalo mwenye gobore yeyote atalielewa papo hapo. Aliichukua fataki yenyewe, akaitanua kidogo, akapachika kigololi mdomoni mwake. Basi. Baruti hamna. Nguvu ya fataki peke yake ilitosha kukisukuma kigololi kupita mtutu na kukigotesha kwenye ubao upande wa pili wa chumba. Watu walivitumia vibastola vya namna hiyo kwa mchezo wa kulenga, bustanini na hata ndani ya nyumba. Hapa nataka msomaji asimame kidogo, maana historia za silaha huanzia karibu zote kwenye uwanja wa vita, na ukoo huu wa risasi umezaliwa sebuleni, kwa ajili ya shabaha.

Waliofuata ni Smith & Wesson wa Springfield, Massachusetts. Mwaka 1857 waliirefusha ile fataki ikawa kiganda cha shaba, wakatia baruti kidogo ndani, wakaitengenezea bastola yake ya kuzunguka. (Novemba ya mwaka huohuo Burton na Speke walikuwa wakiingia Kazeh, yaani hapahapa tulipoketi, na bunduki zilizowazunguka zilikuwa za kushindilia.) Mwaka 1887 kiwanda cha Stevens, Marekani pia, kilitoa toleo refu zaidi lenye risasi nzito kidogo, likaitwa .22 Long Rifle. Hilo ndilo linalouzwa mpaka leo. Kipenyo chake, .22 ya inchi, ni kama milimita 5.6, na uzito wa risasi kwa kawaida ni gramu 2.6.

Tarehe hiyo ya 1887 ina uzito kuliko inavyoonekana. Silaha nyingi za kale hufa njaa: chuma kizima, mashine nzima, ila risasi zake hakuna tena anayezitengeneza. Bastola ya .22 ya mwaka 1915 unaweza kuinunulia risasi leo dukani, kwenye nchi zinazoruhusu, kwa bei ndogo kuliko risasi karibu zote nyingine. Mwenye nayo anaitumia, anaichafua, anaisafisha, na wiki ijayo anarudi nayo uwanjani. Sidhani kama mapenzi haya yangekuwapo kama bastola zenyewe zingekuwa za kuwekwa kabatini na kutazamwa tu.

Turudi kwenye kiganda chenyewe, kwa kuwa fundo lote limefungwa hapo. Kitako cha kiganda cha .22 kina ukingo uliotokeza pande zote, kama ukingo wa sinia. Ukingo huo uko wazi ndani. Kiwandani, dawa ya kulipuka, ile ile kazi ya fataki, huwekwa ikiwa mbichi, kisha ganda linazungushwa kwa kasi ili dawa isambae na kujaa ndani ya ukingo. Ukivuta triga, pini haipigi katikati ya kitako kama kwenye risasi za bunduki kubwa. Inapiga pembeni, inaubana ukingo dhidi ya chuma cha mtutu, dawa inalipuka, baruti inawaka.

Sasa fikiri kama fundi. Ili pini iweze kuubonyeza ukingo, shaba yake lazima iwe laini na nyembamba. Shaba laini na nyembamba haiwezi kuzuia mgandamizo mkubwa. Mgandamizo ukiwa mdogo, risasi nayo inakuwa ya polepole na nyepesi. Ya shabaha hutoka kwenye bastola kwa takriban mita 300 kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti, wakati risasi ya bastola ya kijeshi ya milimita 9 inaizidi kasi na uzito wake ni mara tatu. Kwa hiyo udhaifu wa .22 umo ndani ya umbo lake na hauondoki.

Mzee alikuwa ameshanielewa. "Basi mtutu hauhitaji kufungwa," akasema.

Alikuwa ameruka hatua tatu mbele yangu. Katika bastola kubwa za kijeshi zinazojijaza zenyewe, mlipuko ni mkali mno, hivyo mtutu na kifuniko cha nyuma hufungamana kwa muda mfupi, huenda pamoja, kisha mtutu unainama au kusogea ili viachane. Mtutu unaocheza kila risasi lazima urudi mahali palepale kila mara, na kuupata mtutu unaorudi bila kukosea hata unywele ni kazi ghali. Kwenye .22 hakuna haja hiyo. Uzito wa kipande cha nyuma na springi moja vinatosha kuuzuia mlipuko mpaka risasi itoke. Kwa hiyo mtutu unaweza kukazwa kwenye fremu moja kwa moja, usitingishike maisha yake yote. Nguvu ikipungua, mashine inarahisika, na mtutu uliotulia hupiga palepale ulipopiga jana. Tena moto wake mdogo hauli mtutu. Mtutu wa bunduki kali huchakaa kwa maelfu machache ya risasi. Wa .22 ukitunzwa hupokea makumi ya maelfu na bado ukapeleka risasi vizuri, ndiyo maana bastola ya babu inaweza kumshinda mwenye bastola mpya.

Na risasi yenyewe ni madini ya risasi matupu, yamepakwa nta au mafuta kidogo. Lugha yetu iliiita hivyo kwa sababu ya hayo madini, na katika nyingi za leo zilizovikwa shaba jina limebaki kama kumbukumbu. Kwenye .22 ya shabaha jina bado ni la kweli.

Lakini kuna faida ya nne ya udhaifu huu, na hiyo haimo kwenye chuma. Niliijua mkononi.

Mwaka niliokaa Thuringia, Ujerumani, kwa mafunzo ya ufundi wa mitambo, nilipanga chumba katika kijiji kisicho mbali na Suhl na Zella-Mehlis, miji miwili ya mabondeni iliyokuwa ikitengeneza bunduki kwa vizazi. Kijijini palikuwa na klabu ya shabaha, chumba kirefu chenye harufu ya nta na mti wa msonobari, na wanachama wengi walikuwa wazee. Mmoja wao alinialika. Alinivisha vifuniko vya masikio na miwani, akasimama bega kwa bega nami upande wa kulia, mkono wake tayari kuukamata wangu, akaniwekea mezani bastola ya Kisovieti, nyeusi, mpini wa mti uliopauka kwa jasho la watu. Ilikuwa Margolin.

Kwanza alinifundisha kusimama. Ubavu kuelekea karatasi, mkono mmoja umenyooka, mwingine mfukoni. Halafu kutazama. Jicho haliwezi kuona vitu vitatu vilivyo mbali tofauti kwa uwazi uleule: alama ya kulengea ya nyuma, ya mbele, na duara jeusi kule mwisho. Kila mgeni hutazama duara, kwa kuwa ndiko anakotaka kufika. Kosa ndilo hilo. Unatakiwa kuitazama alama ya mbele mpaka uone kingo zake, na kuliacha duara liwe wingu jeusi. Mkono utatetemeka, uuache utetemeke. Triga ikazwe polepole, mpaka mlio ukukute hujajiandaa.

Nilipiga tano. Zote zilikwenda chini kushoto, zimekusanyika kama vifaranga. Mzee hakusema kitu. Alichukua magazini, akageuka upande asinionyeshe, akaijaza, akanirudishia. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu ikasema tak, basi, na mtutu wangu ukapiga kichwa chini kama mbuzi anayekunywa maji. Alikuwa amechanganya risasi ya bandia ya plastiki katikati ya za kweli. Hakukuwa na mlipuko wa kuusingizia. Niliuona mwili wangu ukiogopa mlio ambao haukuja, ukiusukuma mtutu chini kabla ya wakati.

Zoezi hilo hufanywa kwa bastola yoyote. Kwa bastola kubwa, hata hivyo, mlio wake, teke lake na moto wake mdomoni vinakuhitaji upambane navyo kwanza, na kosa lako linajificha ndani ya vurugu hiyo. Unaweza kusema bastola imerusha. Bastola ya .22 ya shabaha hairushi. Inakaa mkononi kama nyundo iliyozoeleka, na risasi ikienda kombo umeipeleka wewe. Nimewahi kufanya kazi nyingi za mikono, kunoa, kupima, kuchomelea, na sijapata chombo kingine kilichonisema ukweli kwa upesi hivyo, bila hasira na bila kunibembeleza. Watu wanaoipenda wanaipenda kwa hilo kwanza. Nawaelewa.

Mtu aliyeibuni ile bastola, Mikhail Margolin, alikuwa kipofu. Alipoteza macho akiwa kijana, akajifunza kubuni kwa vidole, akitengeneza vielelezo vya sehemu za bastola kwa vitu laini na kuvipapasa mpaka vikubaliane. Bastola yake ikaja kutumika kwa miongo kadhaa katika nchi za Kisovieti na jirani zake. Nilipomsimulia mzee wa Cheyo hayo, hakushangaa kama nilivyotarajia. Alinyoosha mkono, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kiungo cha meza yetu, mbao mbili zilipokutana, akasema jicho hudanganywa na mwanga, ukucha haudanganywi. Karakana walipima kwa maikromita, na baada ya maikromita walipitisha ukucha.

Hapo ndipo linapoingia neno "zamani". Maana mtu anaweza kukubali yote niliyosema na bado akauliza: kwa nini asinunue mpya? Za mpya za mashindano ni bora kwa vipimo vingi. Mipini yake hurekebishwa kila upande, triga zake nyingine ni za umeme. Anayetafuta medali anunue mpya, na sioni aibu kusema hivyo.

Wanaotafuta za zamani wanatafuta kazi ya mkono iliyobaki kwenye chuma. Chukua Colt Woodsman. Michoro yake ya msingi ni ya John Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, na kiwanda cha Colt, Hartford, kilianza kuitoa mwaka 1915, reli yetu ya kati ikiwa imefika Tabora miaka mitatu tu kabla. Jina la Woodsman ilipewa mwaka 1927, na ilitengenezwa mpaka 1977. Fremu yake ilichongwa kutoka kwenye kipande kimoja cha chuma, ikapigwa msasa kwa mkono hadi ikawa kioo, ndipo ikatiwa ile rangi ya buluu iliyoiva kuelekea nyeusi. Rangi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwani haifichi kitu. Mkwaruzo wowote ulioachwa na msasa unabaki ukionekana chini yake. Mpigaji msasa asiye na subira huziviringisha kona na kuzifuta herufi, ndiyo maana mnunuzi mwenye uzoefu huanza kwa kutazama kona na herufi. Zikiwa kali, bastola haijaguswa. Zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, kuna mtu aliing'arisha upya, na thamani yake imeshuka hata kama inametameta.

Triga ni jambo la pekee. Ndani, vipande viwili vya chuma kigumu vimeshikana kwa ukingo mwembamba mno, na kuvuta triga ni kukiteleza kimoja mpaka kiachie. Nyuso zile zikiwa na chembe ya ukwaruzo, kidole kitahisi kuburura, na mtutu utasogea. Zikiwa zimenyooshwa sawasawa, hakuna kinachosogea, hakuna, hakuna, halafu imeachia, kama kijiti kikavu kinavyokatika. Smith & Wesson walitoa Model 41 yao mwaka 1957 baada ya miaka karibu kumi ya kuichezea, na wapenzi wake huzungumzia triga yake kama watu wa hapa wanavyozungumzia asali ya msimu fulani.

High Standard, kiwanda kingine cha Marekani, walianza, mwaka 1926, kwa kutengeneza vyuma vya kutobolea mitutu. Yaani walikuwa mafundi wa mafundi wa bunduki, ndipo wakaingia kwenye bastola katika miaka ya 1930. Ni bastola yao iliyokuwa mkononi mwa Mmarekani William McMillan alipochukua dhahabu ya kupiga bastola kwa kasi kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Wakusanyaji huzithamini zaidi zile zenye jina la mji wa Hamden, kabla kiwanda hakijahama.

Lakini lazima niseme pia habari ya Ruger, maana inavuruga hadithi nzuri ya kazi ya mkono. Mwaka 1949 William Ruger na mwenzake Alexander Sturm walitoa bastola ya .22 kwa dola 37.50. Fremu yake haikuchongwa. Zilikuwa nusu mbili za bati la chuma zilizopigwa kwa mashine na kuunganishwa kwa kuchomelewa. Umbo lake liliigwa kwa sehemu kutoka bastola ya Kijapani iliyoletwa na askari kutoka vitani. Ilikuwa rahisi, na ilipiga vizuri, na watu wa kipato cha kawaida wakaweza kuingia kwenye mchezo. Leo zile za mwanzo nazo zinatafutwa. Mzee aliposikia namna ilivyounganishwa alitikisa kichwa kwa heshima. Kwake, fundi anayepata matokeo yaleyale kwa nusu ya kazi hajadanganya mtu, ilimradi kiungo hakifunguki.

Sasa upande wenye maumivu. Umri unadai chake. Kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1920, dawa ya kulipulia risasi iliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi ikivuta unyevu, kutu inachimba mashimo madogo ambayo hakuna brashi itakayoyaondoa. Bastola nyingi nzuri za wakati huo zina uso wa bibi harusi na koo la mvutaji tumbaku. Kisha, kuanzia miaka ya 1930, zikaja risasi za .22 zenye kasi kubwa zaidi. Ukiitia moja katika Woodsman ya mwanzo, ambayo sehemu yake ya nyuma haikukusudiwa kuzipokea, utaipasua taratibu. Mwenye bastola ya kale hutafuta risasi za kasi ya kawaida, tena hujaribu aina kadhaa, kwa kuwa kila mtutu una chaguo lake na haueleweki mpaka ujaribiwe kwenye karatasi.

Kosa jingine ni kuvuta triga ikiwa tupu kwa mazoezi. Kwa bunduki nyingi haidhuru. Kwa hii, pini ilitengenezwa ikute ukingo wa shaba laini. Isipoukuta, inaweza kugonga chuma cha mtutu, na baada ya muda huacha kovu mahali risasi inapoingia. Yule mzee wa Thuringia alinitilia ganda lililokwisha kutumika kabla ya kuniruhusu kufanya mazoezi ya kidole. Midomo ya magazini nayo hupanuka, na springi huchoka.

Tena dawa ya ukingoni haisambai sawasawa kila mara. Risasi moja katika mamia hugoma, nyingine hutoka dhaifu kuliko mwenzake. Anayetaka ukamilifu wa mashine atachukia hilo.

Nisiwe kama ninayesahau alichouliza mzee kwanza. Nilimjibu haiui kitu, na jibu lile lilikuwa la haraka mno. Gramu 2.6 za madini ya risasi zinaua mtu, na ikipigwa hewani huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu kabla ya kuanguka. Kwetu Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haibagui bastola ya karatasi na ya kitu kingine. Bila leseni ni kosa, na gobore la babu lililosahaulika darini ni kosa vilevile. Naona ni sawa. Nchi iliyo jirani na vita vya miaka mingi upande wa pili wa ziwa ina sababu ya kuhesabu kila mtutu, na mapenzi yangu kwa kazi ya fundi hayaniondolei sababu hiyo.

Tena historia ya bastola hizi haijaoshwa na michezo. Walther wa Ujerumani walitoa .22 yao iitwayo Olympia wakati wa michezo ya Olimpiki ya Berlin ya 1936, ambako Mjerumani Cornelius van Oyen alishinda dhahabu ya bastola ya kasi, na kiwanda hichohicho cha Zella-Mehlis kilitengeneza bastola za vita vilivyofuata. Na yupo Károly Takács, askari wa Hungaria aliyekuwa mlengaji wa mkono wa kulia. Mwaka 1938 bomu la mkono lililipuka na kuuharibu mkono huo. Alijifunza upya kwa wa kushoto. Dhahabu London 1948. Dhahabu tena Helsinki 1952. Kila ninapomfikiria naona chuma cha aina mbili katika maisha ya mtu mmoja, kilichomvunja na kilichomwinua, na sijui kama inafaa kuvitenganisha.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miembe ya jirani. Mama wa nyumba alituletea chai na viazi vitamu. Nikakumbuka nina video fupi, sekunde 20 hivi, aliyonirekodia mwanachama mmoja siku yangu ya mwisho klabuni. Nikampa mzee simu tena. Aliisikiliza akiwa ameiweka sikioni, badala ya kuitazama. Aliirudia. Akairudia tena, mara ya nne akafumba macho.

"Hii springi ya nyuma imechoka, mwanangu."

"Umejuaje, baba?"

"Inafunguka vizuri. Kurudi ndiko inakosita. Sikiliza." Akapiga ulimi mara mbili, tak-tak, pamoja, kisha akarudia akiacha nafasi ndogo katikati. "Waambie waipime na mpya."

Usiku ule nilimwandikia yule mzee wa Thuringia, kwa Kijerumani changu kilichoanza kupata kutu. Alijibu baada ya siku tatu kwa picha peke yake: springi mbili zimelazwa juu ya kitambaa cha oili, kando kwa kando. Ile ya zamani ilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili.